Mayai Ukutani

Kabla ya saa moja asubuhi usimtafute Ditram kijiweni kwake, pale kando ya barabara kuu ya Iringa anapoziba pancha za malori. Hutamkuta. Zunguka nyuma ya nyumba yake hapo Mikumi, utamwona ameinamia matairi chakavu yaliyojaa maji, chujio la chai mkononi, anachota viluwiluwi wa mbu. Huchota mpaka tairi lisibakiwe na hata mmoja. Bwana afya alishafika mara mbili kumkaripia kwamba anafuga mbu, na mara zote mbili Ditram alishindwa kujieleza. Aliinua tu lile chujio lililojaa, akamwonyesha, akaingia nalo ndani. Mara ya pili bwana afya alimfuata. Alipoona wale viluwiluwi wanavyomezwa na samaki, alisimama mbele ya kioo robo saa nzima, kisha akaondoka bila kuandika chochote.

Kijiweni, Mwinshehe ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Ditram alifungua tairi, Mwinshehe akafungua mdomo.

"Huyu mwenzangu," aliwaambia madereva, "ana samaki ambao ukiwakaanga kikaango kizima hawatoshi tonge moja. Lakini wanakula mara mbili kwa siku! Mimi nakula mara moja."

Ditram alicheka kwa pua, akaendelea kusugua mpira apate kubandika kiraka.

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alizaliwa Kilosa mjini, babu yake aliletwa huko na kazi ya mkonge, baba yake akafanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alimaliza darasa la saba akaingia kwenye matairi. Maneno hayakuwa kitu chake tangu utoto. Siku ya harusi yake aliombwa atoe shukrani, akasimama, akainamisha kichwa, akakaa. Watu walipiga makofi wakidhani ni unyenyekevu. Mkewe Goodhope peke yake ndiye aliyejua kwamba mwenzake amepotelewa na sentensi.

Habari ya samaki ilianza miaka sita nyuma, siku pikapu ya mtafiti mmoja kutoka Morogoro, jina lake Frank, ilipopasuka tairi mbele ya kijiwe. Nyuma ya gari kulikuwa na mifuko ya nailoni yenye maji, na ndani ya mifuko kulikuwa na samaki wadogo, kila mmoja hazidi kidole. Wa kiume walikuwa wa buluu, kila gamba limezungushiwa wekundu, na mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Ditram aliacha jeki chini.

"Hawa umewanunua wapi?" aliuliza.

"Sijanunua, mzee. Nimewatoa kwenye dimbwi la ng'ombe, hapo Mkata."

Frank alimweleza wakati tairi likizibwa. Samaki hawa huishi kwenye madimbwi ya mvua tu. Kiangazi kikija dimbwi linakauka, nao wanakufa wote, mkubwa na mdogo. Lakini wameshataga kwenye tope. Mayai yanalala humo humo miezi mingi, ardhi imepasuka juu yake, ng'ombe wanapita, mpaka mvua irudi ndipo yaanguliwe. "Wazazi na watoto hawaonani hata siku moja," Frank alisema, akaondoka.

Neno hilo lilimkaa Ditram kichwani wiki nzima. Yeye na Goodhope walikuwa na binti mmoja, Neema, ameolewa Dodoma. Wiki hiyo alimpigia simu mara tatu, na mara zote tatu hakuwa na la kusema baada ya salamu.

Alianza kutazama madimbwi. Kila alipokwenda Kilosa kumwona dada yake, alishuka njiani na kijiti chenye chandarua, akatembea mashambani na kwenye majani marefu, watu wakimwangalia kama mtu aliyepoteza funguo. Mwaka wa pili, mbele kidogo ya Zombo, kwenye shimo la zamani lililochimbwa kifusi cha barabara, aliwapata. Ila hawa walikuwa tofauti. Mkia wa dume ulikuwa mwekundu, halafu pembeni kabisa ulipakana na mstari mweupe mwembamba, kama mtu kapitisha chaki. Alipiga picha, akamtumia Frank. Simu iliita kabla hajairudisha mfukoni.

"Ditram, uko wapi? Usisogee hapo!"

Frank alikuja na vibali vyake na nyavu zake, wakazunguka madimbwi kumi na moja ya upande ule. Mstari mweupe haukuwepo kwingine kokote. Kwa kadiri walivyojua wao wawili, samaki wale walikuwa na shimo moja tu duniani.

Frank alichukua wachache Morogoro, Ditram akabaki na wachache Mikumi. Aliunganisha vioo vya dirisha kwa gundi, akapata tangi lenye ukubwa wa sanduku la nguo, akaliweka sebuleni juu ya meza. Akajifunza kazi. Unaweka bakuli la tope laini chini ya maji. Dume anamsukuma jike kwa pezi lake, wanaingia pamoja kwenye tope, wanatetemeka mara moja, yai moja limekwisha. Baada ya wiki mbili unatoa bakuli, unachuja tope kwenye kitambaa, unaliacha likauke mpaka liwe kama ugoro, lisiwe bichi wala lisiwe vumbi. Unalifunga, unaandika tarehe, unasubiri.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, mkandarasi wa barabara alihitaji mahali pa kuegesha mitambo. Shimo likafukiwa na kushindiliwa. Mwezi uleule, samaki wa Frank walikufa wote kwa siku mbili, maji ya bomba yalikuwa yametiwa dawa kuliko kawaida naye hakujua. Alipopiga simu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wamebaki wako tu, Ditram."

Waliobaki walikuwa wanane. Ditram aliwatagisha mwezi wa tano na wa sita mpaka majike wakachoka na kufa. Kufikia Septemba tangi lilikuwa na dume mmoja mzee, mgongo umepinda, rangi inamtoka. Lakini chini ya meza kulikuwa na nusu kiroba cha udongo mweusi laini, umefungwa kwa kamba ya katani, na kipande cha boksi chenye tarehe. Kila kitu kilikuwa humo.

Mwezi huo huo Goodhope aliteleza kisimani akavunjika mkono. Mama yake, Salome, akaja kutoka Mamboya kumsaidia kazi.

Salome alikuwa mwanamke wa milimani, mjane, mama wa kanisa, mtu asiyeweza kukaa bure. Na yeye na Ditram, kwa miaka ishirini na mitatu, hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. La kusema hupitia kwa Goodhope. Ditram, ambaye hata kwa watu wengine maneno yalimtoka kwa shida, hakuwahi kuona desturi iliyomfaa kama hiyo. Mama alipofika, Ditram alimwamkia akiwa amegeukia mlango, kisha akaenda Kilosa kwa dada yake siku nne ili mgeni awe huru nyumbani.

Aliporudi Jumamosi mchana, alinusa udongo kabla hajavuka kizingiti. Ukuta wa sebuleni, upande wa chini ya dirisha uliokuwa umebanduka tangu masika, ulikuwa umesiribwa upya. Ulikuwa mweusi, laini, umepigwa kwa kiganja hata ukang'aa. Ditram aliinama chini ya meza. Kiroba kilikuwa kimekunjwa vizuri mara nne, na juu yake kimewekwa kile kipande cha boksi.

Goodhope alikuwa amesimama mlangoni, mkono uko kwenye plasta.

"Jana nilikuwa hospitali," alisema kwa sauti ya chini. "Foleni ya siku nzima. Nimerudi nimekuta ameshamaliza."

"Hukumwambia?"

"Nilitaka. Lakini Baba Neema, umsikie alivyofurahi." Akasogea karibu. "Unajua kwetu mama mkwe akija kukaa anaacha kazi ya mikono yake ukutani. Na mkwe anamwandalia udongo. Hasemi kitu, kwa sababu ya heshima, anauweka tu mahali atakapouona. Sasa yeye kaukuta umechekechwa, umefungwa, tena umeandikwa tarehe! Amesema hajawahi kuona mkwe mwenye adabu namna hiyo. Ameshapiga simu Mamboya kuwaambia akina mama wenzake wote."

Ditram alitoka nje akampigia Frank.

"Ukutani?" Frank aliuliza. "Umesema ukutani?"

"Amesiriba."

"Amechanganya nini? Majivu? Kinyesi cha ng'ombe?"

"Hapana. Maji kidogo tu."

"Lini?"

"Jana."

"Maji kidogo na siku moja havijayaamsha mayai. Adui sasa ni kukauka. Tope likiwa gumu kama tofali, yanakufa humo. Gonga kwa ukucha. Likilia kama kigae, basi tena. Kama bado linaingia ukucha, libandue leo. Leo, Ditram, siyo kesho."

Alirudi ndani akagonga. Juu, karibu na dirisha, palilia kama kigae. Chini, ukucha uliingia.

Ilikuwa lazima abandue ukuta, na mama mkwe alikuwa uani, umbali wa hatua kumi, akichambua mboga. Angekaa hadi Jumatano. Kubandua kazi ya mikono yake akiwa angali ndani ya nyumba kulikuwa sawa na kumfukuza.

"Mwambie wewe," alimsihi Goodhope.

"Nimwambie nini? Kwamba ukuta wake unabomolewa kwa ajili ya mayai ya samaki? Hapana, baba. Miaka ishirini na mitatu nimebeba maneno yenu, yako kwake na yake kwako. Hili ni zito. Libebe mwenyewe."

Akaenda kijiweni. Mwinshehe alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika kompresa asianguke. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Rahisi tu," alisema. "Sema ukuta umeingiwa na mchwa. Mchwa hana heshima kwa mama mkwe wa mtu. Unabandua, unatia dawa, kila mtu anakushukuru."

Uongo ule ulikuwa mzuri. Ditram alitembea nao hadi nyumbani akiurudia mdomoni. Mama, ukuta una mchwa. Maneno manne. Hata yeye angeweza maneno manne. Akafika uani, akasimama pembeni ya jiko, ametazama ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Salome alijibu, naye akageukia upande wa pili, kwa desturi. Kisha, bila kumtazama, akasema kwa sauti ambayo Ditram hakuwahi kuisikia kwake, sauti laini: "Udongo ule ulikuwa mzuri."

Hapo uongo ukamtoka kichwani wote. Alisimama kitambo hata Goodhope akachungulia mlangoni kuona kama yu mzima.

"Mama," alisema Ditram, "ule udongo sikukuandalia wewe."

Kisu cha Salome kikasimama.

"Una mayai ya samaki. Nilikuwa nayatunza. Shimo lao limefukiwa, hawapo tena mahali pengine. Yamebaki hayo ukutani. Ukuta ukikauka, yanakufa. Kosa ni langu. Nilikaa na kitu kama kile ndani ya nyumba, sikumwambia mtu. Nisamehe, mama."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Salome aliweka chini ungo wa mboga.

"Samaki gani anayekaa kwenye udongo?"

Hakukuwa na namna ya kueleza. Ditram akaingia ndani, naye mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe bintiye, akamfuata katika chumba kimoja. Akaonyeshwa tangi. Yule dume mzee alikuwa amejiegemeza kwenye jani. Alipoona watu alitanua mapezi yake kwa shida, akajaribu kuwa mkubwa. Mstari mweupe ulikuwepo bado.

Salome alitazama kwa muda.

"Jike lake?"

"Alikufa mwezi wa saba."

"Na huyu naye yu njiani."

"Ndiyo, mama. Hawavuki mwaka."

"Kwa hiyo hata hayo mayai yakitoka, huyu hatawaona."

"Hatawaona."

Mume wa Salome alifariki Goodhope akiwa bado mimba ya miezi mitano tumboni mwake. Ditram alilijua hilo kama watu wanavyojua habari za ukoo, ila hakuwahi kulifikiria mpaka dakika ile, akiwa amesimama naye mbele ya kioo. Hakusema kitu. Safari hii hakukosa maneno, aliona tu hayatakiwi.

"Nimewaambia wanawake wote wa Mamboya," hatimaye Salome alisema, "kwamba mkwe wangu kaniandalia udongo."

"Najua, mama."

"Sasa mimi siwezi kuwa mwongo mbele ya watu wale. Kesho baada ya ibada utachimba udongo, utauchekecha, utaukanyaga kwa miguu yako mwenyewe hapo uani, watu wakiona. Nitasiriba upya."

"Sawa, mama."

"Goodhope! Nipe kijiko, kile kipana." Alikunja kanga juu ya magoti, akapiga magoti chini ya dirisha. Ditram akataka kumtangulia, Salome akamsogeza kwa kiwiko. "Wewe utalima ukuta. Hujui mkono wangu umekaza wapi na wapi umepita tu. Hapa chini nilikuwa nimechoka, sikukandamiza. Kama yamepona, yamepona hapa."

Wakafanya kazi alasiri yote, yeye akibandua, mkwe akipokea kwenye karai, Goodhope akielekeza kwa mkono mmoja. Sehemu ya juu ilitoka kama vigae, wakaiweka kando. Ya chini ilitoka kwa mapande laini. Salome aliyapokea mapande hayo kwa viganja viwili, bila kuyabana. Hawakuongea tena, ila hakuna aliyegeukia ukuta mwingine.

Jumapili mchana Mwinshehe alipita akamkuta Ditram amekunja suruali, anakanyaga udongo uani, mama mkwe kakaa kivulini anamsimamia.

"Shikamoo mama. Sasa huyu ndiyo amepata kazi ya kufanana naye!"

"Marahaba. Vua viatu na wewe, uingie."

Mwinshehe, mtu wa maneno mengi, akavua viatu.

Dume mzee alikufa wiki iliyofuata, Salome akiwa amesharudi kwao. Ditram alimzika kwenye kopo la maua na kuendelea na kazi. Ule udongo wa ukutani ulikuwa kirobani tena, safari hii boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: MAYAI. USIGUSE. Kila Jumapili alifungua, akaugusa kwa kidole kuona unyevu wake, akafunga. Frank alimwambia asitumaini sana. Mayai yaliyokandwa, yakapakwa, yakabanduliwa na kijiko, nani ajuaye. Ditram alianza kukesha na mawazo: kama hayatatoka, atakuwa yeye ndiye mtu wa mwisho aliyeona mstari ule. Wazo hilo lilimtisha kuliko kufa kwake mwenyewe, na hakuweza kumweleza mtu kwa nini.

Mvua ya kutosha ilishuka mwishoni mwa Novemba. Alikinga maji kwenye masufuria, akayaacha yatulie, akaugawa udongo katika mabeseni matatu. Beseni la kwanza halikutoa kitu. La pili nalo, siku ya kwanza, hapakuwa na kitu. Asubuhi ya pili alipoinama aliona macho mawili, madogo kama nukta za kalamu, yakiwa yamebebwa na mwili usioonekana. Kisha mengine. Alihesabu mara nne, maana walikuwa hawatulii, akapata kumi na mmoja. Beseni la tatu lilibaki tope.

Wanne walikufa wiki ya kwanza. Waliobaki saba wakala wadudu wa maji ya kijani, kisha viluwiluwi wadogo, kisha wakubwa. Lakini saba si kitu mpaka ujue ni kina nani. Wakiwa wote madume, habari imeishia hapo, imecheleweshwa tu miezi michache. Na hilo halijulikani mpaka rangi itoke. Frank alikuwa akipiga simu kila siku ya pili. Ditram alikuwa akijibu, "Bado."

Wiki ya saba Salome alimpigia bintiye, kama kawaida yake kila Jumamosi. Waliongea habari za mkono na za mahindi. Kisha Goodhope akatoa simu sikioni, akaitazama, akampa mumewe.

"Anakutaka wewe."

Ditram alifuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Samaki wangu wazima?"

"Wazima, mama. Saba."

"Wameshapata rangi?"

"Wanne wamepata. Na ule mstari mweupe wanao."

"Na hao watatu wengine?"

"Hawana kitu. Wa kijivu tu, kama udongo."

"Wagonjwa?"

"Hapana, mama." Ditram aliwatazama wale watatu, hawana pambo, hawana hata alama moja ya kumwonyesha mgeni akija, wanapita taratibu chini ya wenzao wanaojitanua. Alikuwa amewatazama hivyo tangu alfajiri. "Ni majike."

Alisikia Mamboya upande wa pili, kuku, upepo, na mtu akishusha pumzi.

"Sasa si ungeanza na hao," akasema mama mkwe.